Shokola ya Kampala, kakao ya Mamove



Hivi karibuni nilikuwa Kampala na rafiki watatu, wote wana wa Beni tuliosoma pamoja. Jioni moja walinipeleka kwenye restora isiyokuwa na fufu wala samaki. Kila kitu ni shokola: keki ya shokola, gofri iliyomwagiwa shokola, maziwa ya moto ya shokola, hata mashine inayoitiririsha kama chemchemi, unachovya kipande cha ndizi. Sahani moja shilingi 30,000 za Uganda. Tulipiga picha, tukachafua vidole kama watoto.

Mmoja wetu hakucheka sana. Mama yake alikimbia Mamove, sasa amepanga chumba Oicha pamoja na wajukuu. Dada huyu alikulia kwenye kakao: kupasua maganda, kuvundika mbegu siku tano au sita chini ya majani ya migomba, kuzianika, kuzikimbilia mvua ikianza. “Kakao ndiyo ilinilipia shule,” alisema, “na leo ndiyo mara ya kwanza ninaonja shokola ya namna hii.”

Nilipoeleza jioni hiyo kwa jamaa, mmoja alinijibu kwamba ni aibu kula vitamu wakati ndugu zetu wanalala kwenye madarasa ya shule. Ninamwelewa, ila sikubali. Tukiacha kula, hakuna mama atakayerudi shambani. Aibu iko kwenye gunia.

Mwaka 2024 mavuno yalipungua Kodivaa na Ghana, na bei ya kakao kwenye soko la New York ikapita dola 10,000 kwa tani. Kwetu kila ganda likawa pesa. Mlimaji wa Beni, Irumu au Mambasa anauawa akiwa na panga la kuvunia mkononi. Waasi wa ADF wanajua vizuri msimu ambao watu hawawezi kukaa mbali na mashamba. Mwenye shamba akikimbia, miti haikimbii. Inaendelea kuzaa, na mwenye bunduki au mwizi wa kawaida anavuna. Kiisha gunia linavuka mpaka kuingia Uganda, na huko hakuna anayeuliza limetoka kwa nani.

Kwa hiyo nasema: mnunuzi anayepokea kakao mbichi usiku, inayochuruzika maji kwenye pikipiki, anajua anachofanya. Mlimaji halali huwa na muda wa kukausha. Wanunuzi waachane kabisa na kakao mbichi, na iliyokauka wainunue kwa mtu anayejulikana na chef wa kijiji chake, hata kama chef huyo naye ni mkimbizi. Viongozi wetu waandike mashamba ya waliokimbia sasa, wakati majirani bado wanakumbuka mipaka. Na wanajeshi walinde wavunaji msimu wote, bila kudai gunia lao.

Wengine watasema haya ni ndoto. Lakini Mutwanga, chini ya Ruwenzori, hifadhi ya Virunga ilianzisha kiwanda kidogo cha shokola kwa umeme wa maji, vita ikiwa karibu. Kama shokola inaweza kutengenezwa pale, daftari la mashamba haliwezi kutushinda.

Yule dada alifunga kipande kwenye karatasi, akampelekea mama. Kufika Kasindi kilikuwa kimeyeyuka, Oicha kikafika kimeganda upya, bila umbo. Mama alionja kidogo, akasema sukari imezidi, kilichobaki akawagawia watoto. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyetoka Mamove wiki hii, na kama ameona nani anavuna upande wa mto.