Dola 100,000? Asanteni, Lakini Hapana

Wasee, hebu niwaulize: ukipewa tuzo kubwa ya sayansi na dola 100,000 za Kanada juu yake, utakataa? Michael Houghton alikataa.

Huyu ni mwanasayansi Mwingereza. Mwaka wa 2013 alichaguliwa kupokea tuzo ya Gairdner ya Kanada, kwa kazi ya kugundua virusi vya homa ya ini aina ya C. Akaomba wenzake Qui-Lim Choo na George Kuo watuzwe pia. Ikashindikana. Akaiacha tuzo na pesa zake.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Miaka ya 1970 mtu angeongezewa damu hospitalini, baadaye ini linaugua, akipimwa si A, si B. Ugonjwa haukuwa hata na jina lake. Hao watatu, wakiwa kampuni ya Chiron huko California, wakisaidiana na Daniel Bradley, walihangaika miaka mingi maabarani hadi 1989 walipochapisha kwamba wamevipata virusi. Ndipo damu ikaanza kupimwa virusi hivyo kabla ya kupewa mgonjwa. Siku hizi wengi wanapona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12.

Najua kuna mtu atasema: si mwaka wa 2020 alichukua Nobel? Kweli, alichukua, pamoja na Harvey Alter na Charles Rice, na hao walistahili kabisa. Lakini Nobel haigawiwi zaidi ya watu watatu. Kwangu huo si unafiki wa Houghton. Shida ni kulazimisha kazi ya watu wengi ikae kwenye viti vitatu.

Na sisi je? Video ikivuma tunamshangilia aliye mbele ya kamera tu. Aliyeandika, aliyeshika kamera, aliyehariri hadi usiku wa manane, hakuna anayemjua. Group work nayo, mmoja akisimama kuieleza, sifa zote ni zake. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini tukipiga makofi tunaangalia kidole kimoja.

Kumtaja mwenzako ni bure. Houghton alijaribu kuwataja wake, na ikamgharimu pesa nzito. Kwa hivyo ukitaka kumheshimu, usiishie kwa jina lake. Sema yote: Houghton, Choo, Kuo na Bradley.