Baibui Letu na Cheni Isiyo na Kava

Dada zetu, na nyinyi mabibi harusi watarajiwa,

Sisi mafundi cherehani wa Miyuji, hapa Dodoma, siti za bodaboda tunazishona wenyewe: leza nyekundu, vishada, mpaka jina la mke wa dereva. Hatuchukii urembo, ndio unaotulisha. Tunachopinga ni vijana kung'oa kava la cheni na kinga ya tairi la nyuma ili Boxer au TVS ionekane nyepesi.

Kinga ile si pambo. Pikipiki hizi zinatoka India, na huko kanuni za magari za mwaka 1989 zinataka tairi la nyuma lifunikwe walau nusu, na abiria awe na pa kushika na pa kukanyaga. Wenyewe huiita kinga ya sari. Sasa sari ina tofauti gani na baibui? Spoki ikishika nguo haichagui.

Tunaambiwa eti tuvae nguo fupi. Hapana! Kujisitiri ni wajibu, na kuhifadhi nafsi ni wajibu. Kosa si la vazi, ni la aliyeng'oa kinga.

Sisi tumeamua: pikipiki isiyo na kava la cheni hatuishonei siti, hata alipe mara mbili. Nawe bi harusi, kabla hujapanda inama uitazame cheni. Ikiwa wazi, mwache aende. Dereva akikosa nauli mara tatu, kava atalitafuta mwenyewe.

Allah atuhifadhi sote. Amin.