Programu ikikwama usinung'unike, andika ripoti

KOMPYUTA ya shule inapolikataa jina la mtoto, aghalabu hutokea mambo matatu. Karani huguna. Mzazi hunung'unika. Kisha wote wawili huafikiana kuliandika jina hilo kwa namna ambayo mashine itakubali.

Hivyo ndivyo Ng'ang'a anavyogeuka kuwa Nganga, naye Nyong'o akawa nyongo, ile ile iliyo chungu.

Miaka inapita. Siku ya kutafuta cheti inapowadia, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na sajili ya shule inasema vile. Mzazi anajikuta kwa wakili akila kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Mpenzi msomaji, ritifaa ni alama ndogo sana. Lakini kasoro ndogo ya programu isiporipotiwa huweza kuwasumbua watu mwaka nenda mwaka rudi, maadamu aliyeitengeneza programu hajui kwamba kasoro hiyo iko. Huenda hajawahi kukutana na mtu aitwaye Wang'ombe.

Ndiyo maana juma hili nimeona tuzungumze kuhusu daftari la kasoro. Huu ni mfumo ambamo watumiaji huandika matatizo waliyoyaona katika programu, nao watengenezaji huyafuatilia moja baada ya jingine. Si lazima uwe mtaalamu wa kompyuta ili kuutumia. Unachohitaji ni kujua kueleza ulichokiona.

Nondo wa 1947

Kwa Kiingereza, kasoro ya programu huitwa mdudu. Jina hilo ni la zamani kuliko kompyuta zenyewe. Thomas Edison alilitumia katika barua yake ya mwaka wa 1878, akizungumzia hitilafu katika uvumbuzi wake.

Mdudu mashuhuri zaidi, hata hivyo, ni wa tarehe 9 Septemba, 1947. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wataalamu waliokuwa wakiendesha kompyuta iitwayo Mark II walimkuta nondo amenaswa ndani ya swichi moja ya umeme.

Walimbandika nondo huyo kwa utepe katika daftari la kazi. Wakaandika saa, yaani saa kumi kasorobo alasiri. Wakaandika pia kwamba alikuwa katika swichi nambari 70, paneli F. Daftari hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington.

Hebu tazama walichokifanya. Walitaja wakati, wakataja mahali hasa, na wakaambatisha ushahidi. Hawakuandika kwamba mashine ni mbovu, wakaishia hapo. Mtu anayeusoma ukurasa huo leo, miaka mingi baadaye, anaelewa kilichotokea. Ripoti njema ya kasoro haina siri nyingine zaidi ya hiyo.

Madaftari ya siku hizi

Siku hizi daftari hilo liko kwenye mtandao. Mojawapo la yale yanayojulikana sana ni Bugzilla, lililotengenezwa na Terry Weissman wa kampuni ya Netscape mwaka wa 1998. Hadi leo ndilo linalotumiwa na wanaotengeneza Firefox, programu ya kufungulia kurasa za mtandao, na LibreOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu.

Wanafunzi wa vyuo vikuu huenda wanaijua Koha, programu ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka wa 2000 na ambayo imeingia katika maktaba kadhaa hapa nchini. Nayo pia hutumia Bugzilla. Kadhalika OpenMRS, programu ya kutunza rekodi za wagonjwa ambayo historia yake haiwezi kusimuliwa bila kuutaja mji wa Eldoret, ina daftari lake lililo wazi kwa umma.

Programu nyingi za kuuzwa hazina daftari la wazi. Hapo utaandikia idara ya huduma kwa wateja. Lakini namna ya kuiandika ripoti ni ile ile.

Kabla ya kuandika

Kwanza, jiulize kama jambo lenyewe ni kasoro. Kusahau neno la siri si kasoro ya programu. Kutuma pesa kwa nambari isiyofaa pia si kasoro. Hayo yana watu wake wa kuyashughulikia.

Pili, angalia unatumia toleo gani la programu. Nambari ya toleo huonyeshwa katika sehemu ya maelezo kuhusu programu. Huenda kasoro yako ilikwisha kurekebishwa katika toleo jipya, nayo kompyuta yako ingali na la zamani.

Tatu, tafuta kama kuna mwenzako aliyekutangulia. Daftari lina kisanduku cha kutafutia. Jaribu maneno kadhaa yenye maana moja, kwa sababu uliyemtangulia au aliyekutangulia huenda aliliita jambo hilo kwa jina jingine.

Ukiipata ripoti ya kasoro yako, usifungue nyingine. Isome yote. Ukiwa na jambo jipya la kuongeza, liongeze. Usipokuwa nalo, jiandikishe tu katika orodha ya wanaoifuatilia. Ukiandika "hata mimi" na hakuna zaidi, barua pepe itawafikia wote wanaoifuatilia bila kuwapa msaada wowote.

Nne, fungua akaunti. Katika madaftari mengi anwani ya barua pepe inatosha. Kumbuka tu kwamba katika baadhi yake anwani hiyo huweza kuonekana na watumiaji wengine, kwa hivyo usitumie ile ya kazini au ya familia.

Ripoti yenyewe

Sasa linganisha ripoti hizi mbili. Nimezitunga kwa ajili ya mfano, na programu yenyewe ni ya kubuni.

Ya kwanza inasema: "Programu yenu haifanyi kazi kabisa. Tumechoka. Rekebisheni haraka!"

Ya pili ni hii:

Kichwa: Mwanafunzi hasajiliki jina lake la ukoo likiwa na ritifaa.
Toleo: 3.2, katika kompyuta ya Windows 11.
Hatua: (1) Fungua ukurasa wa Mwanafunzi Mpya. (2) Andika jina la kwanza "Jaribio" na la ukoo "Ng'ang'a". (3) Bonyeza kitufe cha Hifadhi.
Nilichotarajia: Jina liingie katika orodha ya wanafunzi.
Kilichotokea: Ujumbe wa kosa ulionekana, nimeunakili hapa chini neno kwa neno. Jina halimo katika orodha.
Zaidi: Nikiondoa ritifaa, jina linakubalika. Nimejaribu mara tano katika kompyuta mbili, na matokeo ni hayo hayo.

Ripoti ya kwanza ina hasira za haki, lakini haina nondo. Ya pili inamshika fundi mkono na kumpeleka hadi kwenye swichi yenyewe.

Sentensi ile ya mwisho ina thamani kubwa. Programu nyingi huweka taarifa zake katika hifadhidata, na huzungumza nayo kwa lugha iitwayo SQL. Katika lugha hiyo, maneno huzungushiwa alama inayofanana kabisa na ritifaa. Mtengenezaji asipochukua hadhari, mashine ikifika kwenye ritifaa hudhani jina limeishia kwenye "Ng". Herufi zinazobaki huzichukulia kuwa sehemu ya amri, nayo amri hiyo haieleweki.

Wewe si lazima uyajue hayo. Lakini fundi akisoma kwamba jina bila ritifaa linakubalika, huenda akatambua mara moja pa kuanzia.

Kuna na jambo jingine. Baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda, ilhali kibodi ya kompyuta aghalabu huandika iliyonyooka. Kwa macho yetu ni kitu kimoja, lakini kwa mashine ni alama mbili tofauti. Ndiyo maana jina lililosajiliwa kwa simu huenda lisipatikane likitafutwa kwa kompyuta. Basi taja kama ulitumia simu au kompyuta.

Andika kasoro moja katika kila ripoti. Ukichanganya tatu, moja ikirekebishwa hakuna atakayejua kama ripoti ifungwe au iachwe wazi. Tenganisha pia ulichokiona na unachokikisia. Ukitaka kukisia, sema wazi kwamba unakisia.

Ukiulizwa uzito wa kasoro, kuwa mkweli. Kasoro inayofuta kazi za watu ni nzito. Rangi ya kitufe isiyopendeza si nzito. Kila mtu akisema yake ni ya dharura, hakuna dharura tena.

Madaftari mengi ya kimataifa huandikwa kwa Kiingereza. Kisikutishe. Kiingereza cha shule kinatosha, na sentensi fupi ndizo bora.

Ukisha kuituma

Ripoti yako itapewa nambari. Itunze. Kuanzia hapo barua pepe zitakuja kila jambo jipya likiandikwa.

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, kwa sababu huyaona majibu kama matusi. Katika Bugzilla, neno DUPLICATE lina maana kwamba kasoro hiyo ina ripoti nyingine. WORKSFORME lina maana kwamba fundi alijaribu na mambo yakaenda sawa. Hakuiti mwongo. Anakuambia kuna jambo katika kompyuta yako ambalo hajalijua, nawe ndiwe wa kumweleza. WONTFIX lina maana kwamba wameielewa hoja yako lakini hawatabadilisha.

Ukiulizwa swali, jibu. Katika miradi ya bure wengi wa mafundi hao ni watu wa kujitolea, na ripoti ambayo mwenyewe hajibu huachwa ikafungwa.

Ukiona FIXED, furahi, lakini usidhani kompyuta ya shule imepona siku hiyo. Marekebisho huja na toleo jipya, na ni lazima mtu aliweke. Mpelekee nambari ya ripoti yule anayetunza kompyuta hizo. Kisha rudia hatua zako tatu, uone kama Ng'ang'a sasa ni Ng'ang'a.

Tahadhari mbili

Daftari la wazi husomwa na ulimwengu mzima. Usitume picha ya skrini yenye majina ya wanafunzi, nambari za vitambulisho au simu za wazazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawalinda watu hao, na adabu pia inawalinda. Tumia majina ya kubuni, kama tulivyotumia "Jaribio".

La pili ni zito zaidi. Kuna kasoro ambazo ni mlango wa wezi. Hata mfano wetu wa ritifaa huenda ukawa hivyo. Ikiwa mashine inaweza kudhani sehemu ya jina ni amri, mjanja anaweza kuandika amri kamili mahali pa jina na kuchota siri za shule nzima.

Ukishuku hivyo, usiandike hadharani. Daftari la Mozilla, wenye Firefox, lina mahali pa kuweka alama ili ripoti ya usalama ifichwe, na miradi mingine hutoa anwani maalumu ya barua pepe kwa ajili hiyo. Wala usijaribu mbinu hizo katika mitambo ya watu bila ruhusa. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 huona kuingia bila idhini kuwa kosa.

Kazi ya mikono miwili

Kwa wanafunzi wenye hamu ya kuisomea kazi ya kompyuta, daftari la kasoro ni darasa lisilo na karo. Chagua programu unayoitumia kila siku. Soma ripoti kumi. Tafuta moja ambayo bado haijathibitishwa, ufuate hatua zake, kisha uandike ulichokiona na toleo ulilotumia. Bila kuandika hata mstari mmoja wa programu, utakuwa umemsaidia fundi usiyemjua.

Nanyi wazazi, siku karani atakapowaambia kwamba kompyuta haitaki jina la mtoto, msikubali haraka kulipunguza jina. Mwombeni anakili ujumbe wa kosa na kutaja toleo, kisha apeleke habari kwa walioitengeneza programu. Kwa sasa liandikeni jina kamili katika karatasi, na muulize ni lini litasahihishwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa aina hii hujengwa kwa viapo na nauli za kwenda mjini. Jina la mtoto ni lake tangu siku aliyopewa. Mashine ndiyo inayopaswa kujifunza kuliandika, na haitajifunza hadi mmoja wetu aseme.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.