Je, Kosa ni la Rubani Peke Yake?

Tarehe 3 Februari, 1959, yapata saa saba ya usiku, ndege ndogo ya injini moja iliruka kutoka Mason City, katika jimbo la Iowa, Marekani. Theluji ilikuwa ikianguka na upepo ukivuma kwa nguvu. Punde si punde ikaanguka shambani. Wakafa wote wanne: waimbaji Buddy Holly, Ritchie Valens na J. P. Richardson, pamoja na rubani wao, kijana wa miaka 21.

Wachunguzi walimlaumu rubani, aliyeingia gizani hali hana cheti cha kuruka kwa kutegemea vyombo tu. Hatubishi. Lakini taarifa yao yenyewe yakiri ya kwamba maonyo mawili ya hali mbaya ya hewa hayakufikishwa kwake.

Na waimbaji wale walipanda ndege kwa nini? Basi walilopewa katika ziara yao lilikuwa limeharibika mtambo wa joto, hata mpiga ngoma wao akalazwa hospitali, miguu imeathiriwa na baridi kali. Nao walikuwa wafanyakazi, wakihamishwa kutoka mji hadi mji usiku kwa usiku. Nauli ya ndege ilikuwa dola 36 kwa kila mtu, wapate kulala na kufuliwa nguo. Katika sababu za ajali zilizotangazwa, basi lile halimo.