Kabla ya kununua sumu, tumjue panya mwenyewe

Ndugu wanachama, majira ya kupanda yanakaribia, na hapa Niemba neno ni lile lile: tuchange pesa, tununue sumu ya panya. Mimi napinga, na si juu ya pesa tu. Tunasema "panya" kana kwamba ni mnyama mmoja.

Anayefukua mbegu za mahindi ni hasa mmoja, wataalamu wanamwita Mastomys natalensis. Rangi yake kahawia, tumbo kijivu, mkia karibu sawa na urefu wa mwili. Mkikamata jike, mgeuzeni mhesabu matiti: anaweza kuwa nayo hata 24! Mimba yake ni siku 23 hivi, na mara nyingi anazaa watoto kumi au zaidi. Huyo ndiye mwizi.

Sasa tazameni tunaowaua pamoja naye. Yule mwenye manyoya magumu kama brosi, Lophuromys, anakula sana wadudu. Kirukanjia, wa pua ndefu na harufu kali, si panya hata kidogo. Ukoo wake ni mwingine, naye anakula wadudu pia. Yule mkubwa mwenye mifuko mashavuni, Watanzania wanamwita panya buku, anaiba, ndiyo, lakini anazaa wachache na mtego unamtosha. Na sura hudanganya: Amerika kuna panya wadogo wenye mifuko mashavuni na manyoya ya miiba, ungedhani ni ndugu wa huyu. Wapi! Mifuko yao inafunguka nje ya mdomo, ya huyu wetu iko ndani. Ukoo mbalimbali kabisa.

Sumu haichagui. Inaua mwizi na mla wadudu, halafu Mastomys wa porini wanahamia shamba lililobaki wazi, na kwa uzazi ule wanajaza upesi. Tena tusifichane: watoto wetu wanachoma panya na kula. Panya aliyekufa kwa sumu ana sumu tumboni. Nani atasimama shambani kumwambia mtoto huyu aliliwa na mtego, huyu na sumu?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamemfuata Mastomys miaka mingi. Kwenye mahindi anaharibu sana siku za kwanza, mbegu ikiwa bado haijawa mche imara. Kwa hiyo majirani wapande siku zile zile, wote. Anayepanda peke yake mapema ndiye anayewalisha panya wa kijiji kizima. Kabla ya hapo tufyeke majani pembeni mwa mashamba, wanakojificha, na tutege mitego usiku wiki mbili mfululizo, kila nyumba kwa zamu.

Pesa ya sumu inunue mabati ya kuzungushia miguu ya ghala, panya asipande. Mkutano ujao leteni mliowakamata kwa mtego, msiwashike kwa mikono mitupu. Tutawapanga mezani na kuhesabu matiti kabla ya kupiga kura.