Mchezo Wenye Mwenyewe

Oktoba 2021, jijini Bucharest, timu ya Team Spirit iliondoka na zaidi ya dola milioni 18 baada ya kutwaa ubingwa wa dunia wa Dota 2. Fungu zima la zawadi lilipita dola milioni 40. Miaka miwili baadaye, Seattle, fungu hilo halikufika hata milioni 4. Si kwamba mashabiki walikuwa wamekimbia. Fedha zile zilitokana na robo ya mauzo ya vikorombwezo vya ndani ya gemu, na Valve, kampuni inayoimiliki Dota 2, iliamua mwaka 2023 kuacha kuvifungamanisha na mashindano. Basi. Hapakupigwa kura, wala hapakuwa na shirikisho la kupokea rufaa.

Ubishi wa kama kubonyeza vitufe ukiwa kitini ni michezo hauna tija. Walenga shabaha hawatoki mbio, na wamo Olimpiki tangu 1896. Swali zito ni la umiliki. Katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou mwaka 2023, medali zilitolewa kwa gemu za kampuni binafsi, na kwa Wakorea Kusini dhahabu ya League of Legends ilimaanisha kusamehewa utumishi wa jeshi. Hatima ya kijana imefungwa kwenye mali ya mtu. Mwenye mali akichoka, tunajua kinachofuata: Desemba 2018 Blizzard ilitangaza kuwa ligi ya Heroes of the Storm haitarudi mwaka uliofuata, na waliokuwa wakijinoa kwa msimu mpya wakabaki bila ajira.

Kuna watakaosema FIFA nayo ni bwana mkubwa. Ni kweli, lakini FIFA inaweza kukufungia mashindano rasmi tu. Haiwezi kukuzuia kupiga mpira mtaani, wala kuufuta mpira wenyewe. Wengine watasema Riyadh imemaliza tatizo, kwa kuwa mwaka 2024 iliandaa kombe lenye zawadi za dola milioni 60. Fedha hizo hazinunui uhuru, maana kila gemu pale huchezwa kwa ridhaa ya mwenyewe. Nadhani Wasaudi wenyewe wameling'amua hilo: Septemba 2025 mfuko wao wa uwekezaji na wenzake walikubaliana kuinunua kampuni ya gemu ya Electronic Arts kwa dola bilioni 55. Asiyetaka kuomba ruhusa hununua kiwanda.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba aliyetengeneza gemu ana haki nayo. Anayo, na hakuna anayetaka kumnyang'anya. Ila anayetaka medali za mataifa na akubali masharti ya umma: notisi ya misimu miwili kabla ya kufuta ligi, na ruhusa kwa wengine kuendesha toleo la zamani kwa seva zao. Super Smash Bros. Melee, gemu ya Nintendo ya mwaka 2001, ingali inashindaniwa kwa sababu iko kwenye diski. Wachezaji hubeba televisheni nzito za chogo hadi ukumbini, kwa vile hazichelewi kuitikia kitufe. Mwaka 2020, janga lilipowalazimu kuhamia mtandaoni kwa programu waliyojiundia, Nintendo iliyazuia mashindano yao ya The Big House. Kamati yoyote ya Olimpiki inayopanga kuingiza gemu ianze na mkataba unaokataza jambo kama hilo, ndipo ijadili medali.