Ukomo wa Mstari Si Takataka

Katika maandishi yahifadhiwayo ndani ya kompyuta imo alama ambayo macho hayaioni, ingawa kazi yake huonekana katika kila ukurasa. Ni alama iiambiayo mashine kwamba mstari umekoma, na kwamba maneno yafuatayo yaanzie upande wa kushoto, chini ya yale yaliyotangulia. Kwa kuwa haionekani, watu wengi huichukulia kama vumbi juu ya meza: ikikera, hufutwa. Siku hizi zipo programu nyingi zifanyazo kazi hiyo kwa kubonyeza kitufe kimoja tu. Mtu hunakili makala kutoka katika ukurasa uliopigwa picha, huona mistari imekatika ovyo katikati ya sentensi, naye huiamuru mashine iondoe vikomo vyote. Kisha huridhika, maana maandishi sasa yametiririka kama maji.

Kuridhika huko aghalabu huwa ni kwa haraka mno. Ili kueleza sababu yake yafaa kwanza ijulikane alama hii ilitoka wapi.

Mpiga chapa wa zamani hakuwa na shida ya kujua mstari unakoma wapi. Kengele ndogo ya taipureta ilimwonya kwamba pambizo linakaribia, naye akaamua mwenyewe kama neno lililobaki litatosha au likatwe kwa kistari. Halafu alisukuma wenzo uliorudisha karatasi mwanzo na papo hapo kuipandisha kwa mstari mmoja. Vilikuwa vitendo viwili ndani ya msukumo mmoja wa mkono. Mashine za kupeleka maandishi kwa waya zililazimika kuvitenganisha, kwa sababu kila kitendo kilihitaji ishara yake. Orodha ya Kimarekani ya namba za herufi, ijulikanayo kwa jina la ASCII na iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1963, iliupa urejeo wa kichwa cha kupigia chapa namba 13, na upandishaji wa karatasi namba 10. Teletype Model 33, mashine iliyotumika sana katika miaka hiyo, ilipiga herufi 10 kwa sekunde, na kichwa chake hakikuweza kufika mwanzo wa mstari katika muda wa herufi moja. Kwa hiyo ishara ya 13 ilitangulia, na wakati karatasi ikipandishwa kwa ishara ya 10 kichwa kilikuwa kingali njiani.

Kompyuta haina kichwa cha kurudi wala karatasi ya kupanda, lakini urithi umebaki, tena umegawanyika kama mali ya marehemu asiyeacha wosia. Watu wa Multics, na baadaye wa Unix iliyoanza mwaka 1969, walichukua namba 10 peke yake. CP/M, kisha MS-DOS ya mwaka 1981, zilishika zote mbili, 13 na 10, na Windows ikazirithi. Kampuni ya Apple ilitumia 13 pekee katika mashine zake za mwanzo, hadi mfumo wa Mac OS X wa mwaka 2001 ulipofuata desturi ya Unix. Kwa miaka mingi mtu aliyefungua faili la Unix kwa Notepad ya Windows alikuta kitabu kizima kimekuwa mstari mmoja. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 2018. Waliobuni aina ya picha iitwayo PNG, mwaka 1996, waliujua uharibifu huu vizuri hata wakautega mtego. Kila faili la PNG huanza na baiti nane, na miongoni mwake zimo 13 na 10 kwa pamoja, na mwishoni 10 peke yake. Programu yoyote ikijaribu kugeuza vikomo vya mistari njiani, baiti hizo hubadilika, na hitilafu hutambulika papo hapo.

Maandishi ya lugha hayana mtego wa namna hiyo. Yakiharibika, hukaa kimya.

Kugeuza namba kwa namba ni jambo jepesi, maadamu utaratibu unafuatwa. Jozi ya 13 na 10 igeuzwe kwanza kuwa 10 moja, ndipo 13 zilizobaki peke yake zigeuzwe. Anayeanza na kila 13 huzaa 10 mbili mahali pa jozi, na mara kila mstari huonekana kuwa aya inayojitegemea. Hilo ni kosa la fundi, nalo hurekebishika. Ugumu wenyewe ni kwamba alama hii moja imebebeshwa mizigo mitatu tofauti. Mara nyingine mstari umekoma kwa sababu karatasi imekwisha tu. Mara nyingine kwa sababu wazo limekwisha na aya mpya inaanza. Na mara nyingine kwa sababu mwandishi alitaka ukome pale pale, kama katika shairi, anwani au jedwali. Mashine huiona namba 10, wala haioni nia. Anayefuta zote kwa pamoja hutupa aina tatu za habari ili aondokane na moja isiyo na thamani.

Katika Kiswahili madhara huzidi, kwa sababu ambayo watengenezaji wa programu hizo, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiingereza, hawana haja ya kuiwazia. Baadhi ya programu hufuta kikomo bila kuweka nafasi mahali pake. Neno la mwisho wa mstari hugandana na la kwanza la mstari unaofuata. Katika Kiingereza mgando huo aghalabu huzaa kituko ambacho mkaguzi wa tahajia hukikamata. Kiswahili ni lugha ya viambishi, na vineno vyake vidogo, yaani na, ni, si, wa, hufanana na viambishi vya vitenzi au na mianzo ya maneno mengine. Katika taarifa ya mifugo mstari uliandikwa kwamba mwenezaji wa ndigana kali ni, na mstari wa pili ukaanza na neno kupe. Vikigandana, mdudu hutoweka na mwandishi huonekana anaahidi zawadi: nikupe. Raia aliyeaswa kuheshimu na kupenda kazi huishia katika nakupenda. Mkulima wa kati, aliyejadiliwa sana katika maandishi ya siasa ya vijijini, huwa mkulima wakati. Na pale mwandishi alipokanusha kwa maneno na si, kanusho lote hugeuka kuwa nasi, kana kwamba watu wamekaribishwa mezani. Katika mifano yote hiyo programu ya kukagua tahajia haitapiga kelele hata kidogo, kwani kila neno lililozaliwa ni neno halali la Kiswahili.

Kistari cha kukatia neno nacho kina vituko vyake. Maende- mwishoni mwa mstari na leo mwanzoni mwa ufuatao huunganishwa bila kistari, na hakuna atakayebisha. Lakini nyaraka za zamani ziliandika Dar-es-Salaam kwa vistari. Jina hilo likikatika baada ya es, kanuni ile ile iliyotengeneza maendeleo huharibu jina la mji. Hapa hapana kanuni itoshayo bila jicho la msomaji.

Majedwali ndiyo hupata hasara kubwa kuliko yote. Kipimo cha mvua cha 34 kikifuatwa mstari wa chini na 17, mgando huzaa 3417. Hata nafasi ikiwekwa, tarakimu hubaki msururu usio na safu, na hakuna ajuaye tena ni za mwezi gani.

Katika ushairi tofauti ya aina za hasara huonekana waziwazi zaidi. Utenzi una ubeti wa vipande vinne, kila kipande mizani nane, na kina cha kipande cha nne huendelea hadi mwisho wa kazi. Vikomo vyake vikifutwa, mtu mwenye subira aweza kuurudishia umbo kwa kuhesabu mizani na kufuata vina. Hata mashine yaweza kusaidia, ikifundishwa kwamba m huhesabiwa peke yake katika mtu na katika mbu, lakini si katika mbuzi. Shairi huru halina kinga hiyo. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974 na kuzua ubishi mkali kuhusu ushairi usiofungwa na vina wala mizani, mahali pa kukoma mstari pakawa sehemu ya maana yenyewe. Likishageuzwa kuwa aya moja, shairi la namna hiyo haliwezi kurudishwa na hesabu yoyote. Labda iwepo nakala ya asili.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kutogusa kitu. Rai hiyo nayo haifai. Mistari iliyokatwa kwa upana wa karatasi ya mwaka fulani humsumbua msomaji wa simu, huzuia utafutaji wa vifungu vilivyovuka mistari, na humsumbua hata kipofu anayesomewa na mashine, kwani baadhi ya mashine hizo hutua katikati ya sentensi. Kuondoa vikomo vya karatasi ni huduma. Kinachopingwa hapa ni kuondoa bila kutenganisha kwanza.

Kutenganisha kwenyewe si jambo la ajabu. Mwaka 1999 ulitangazwa utaratibu wa barua pepe ambao kwao nafasi moja iliyoachwa kabla ya kikomo humaanisha kwamba mstari ule ni laini na waweza kuungwa na wa chini yake. (Miaka mitano baadaye utaratibu wa Markdown ulizifanya nafasi mbili mahali hapo hapo zimaanishe kinyume chake, kwamba mstari usiungwe kamwe. Wataalamu nao wana mizaha yao.) Orodha ya Unicode ina alama mbili mahususi, namba 8232 kwa mstari na 8233 kwa aya, ingawa ni wachache wanaozitumia. Kwa kazi za kawaida yatosha desturi ya zamani ya kuacha mstari mtupu kati ya aya na aya. Anayesafisha hugeuza kwanza kila jozi ya vikomo kuwa alama isiyopatikana popote katika maandishi yale, kisha kila kikomo kilichobaki kuwa nafasi, na mwisho huirudisha alama ile kuwa mstari mtupu. Mashairi na majedwali hutengwa kabla ya yote, kwa mkono.

Jambo hili lingekuwa la makarani peke yao kama si wakati wenyewe ulivyo. Taarifa za mashamba ya majaribio, mihadhara, magazeti ya vyama vya ushirika na hadithi zilizopigwa chapa kwa stenseli zinaendelea kupigwa picha na kugeuzwa kuwa maandishi ya kompyuta. Maandishi hayo hutengenezewa kamusi, na hutumiwa kuzifundisha mashine lugha. Kiingereza kina maandishi mengi kiasi kwamba makosa ya milioni moja humezwa. Kiswahili hakijapata wingi huo, na nikupe iliyozaliwa mahali pa ni kupe huhesabiwa kama ushahidi wa jinsi Waswahili wanavyosema. Mashine haina njia ya kujua kwamba hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo.

Kwa sababu hiyo taasisi zinazosimamia kazi hizi hazina budi kumpa mchapaji wao picha ya ukurasa kando ya maandishi, na kutunza nakala mbili: moja yenye vikomo vyote kama vilivyotoka kwenye karatasi, na nyingine iliyosafishwa. Kisingizio cha gharama hakipo. Kitabu cha kurasa 300, chenye herufi kama 2,000 katika kila ukurasa, huchukua baiti 600,000 tu. Flashi ya mfukoni yenye baiti bilioni nane hubeba vitabu vya namna hiyo zaidi ya 10,000, na nakala zake za asili zikigawana nafasi hiyo nusu kwa nusu, bado vitabaki zaidi ya 5,000.